Hoja, mhusika au dai: njia tatu za kuandika insha ya maudhui ya riwaya

Mwanafunzi anayepewa swali la “Jadili maudhui ya uongozi mbaya katika riwaya hii” mara nyingi hakosi la kusema. Kitabu amekisoma, matukio anayakumbuka, na mengine yanamuuma hadi leo. Kinachomkwamisha ni mpangilio: yote hayo yaingie kwenye karatasi kwa utaratibu gani?

Katika insha nyingi za wanafunzi utakuta njia tatu. Wapo wanaopanga hoja moja baada ya nyingine hadi zitimie kumi. Wapo wanaomshika mhusika mmoja na kumfuata tangu anapoingia mpaka anapotoka. Na wapo, wachache, wanaotoa dai moja mwanzoni kisha wakatumia insha nzima kulitetea. Zote tatu ni halali na zote zimewahi kutoa insha nzuri. Hata hivyo hazilingani, na anayeijua moja tu atabanwa siku swali au kitabu kitakapodai nyingine.

Nitazipima kwa swali hilo hilo la uongozi mbaya na kwa kitabu kimoja, *Kidagaa Kimemwozea* cha marehemu Ken Walibora. Kilikuwa kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kuanzia 2013 hadi 2017, kwa hiyo wengi mmekisoma, na wengine mnacho bado rafuni.

Kwa asiyekisoma, yatosha kujua haya. Sokomoko inatawaliwa na Mtemi Nasaba Bora, mtu aliyejipatia ardhi ya wenzake kwa hila na kwa damu. Amani ni kijana aliyeibiwa mswada wa riwaya yake na Mwalimu Majisifu, ndugu wa Mtemi, ambaye aliuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Imani alimpoteza mama yake katika kunyang'anywa shamba lao. Vijana hawa wawili wanaingia Sokomoko na kupata kazi, Amani akichunga ng'ombe wa Mtemi, Imani akilea watoto nyumbani kwa Majisifu. Kisha mtoto mchanga anaachwa kwenye kibanda cha Amani. Ni mtoto wa Lowela, msichana wa shule, na baba yake ni Mtemi. Vijana wanamlea. Anaitwa Uhuru. Anapougua wanamkimbiza hospitalini, wauguzi hawajali, mtoto anafariki, na walezi wake ndio wanaoshikwa.

Sasa tuone jinsi kila njia inavyolishika tukio la mtoto huyu.

Aya ya hoja

*“Viongozi hutumia vyeo vyao kuwadhulumu wasichana. Mtemi Nasaba Bora anajihusisha kimapenzi na Lowela, ambaye bado ni mwanafunzi, na kuzaa naye. Badala ya kuwajibika, mtoto anaachwa kwenye kibanda cha Amani, mchungaji wa ng'ombe wake.”*

Sentensi ya kwanza imetaja hoja, ya pili na ya tatu zimeleta ushahidi. Msahihishaji anatia vema, anapiga hesabu ya alama mbili, anasonga mbele. Aya inayofuata itahusu ardhi, inayofuata wauguzi, inayofuata kufungwa kwa Yusufu kwa mauaji ambayo hakuyatenda, na kadhalika.

Ubora wa njia hii ni kwamba haimpotezi mtu. Ukisahau hoja ya sita, ya saba bado inasimama. Ukiishiwa na muda kwenye ya nane, zile saba zimeshakulipa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi, hupewa saa mbili na nusu kwa maswali manne, kila moja alama 20. Ukigawa sawasawa unapata kama dakika 37 kwa swali, na ndani ya hizo utoe muda wa kulisoma swali, kupanga na kupitia ulichoandika. Katika hali hiyo hoja kumi zenye mfano mmoja mmoja ni jibu la busara kabisa, na simlaumu mwalimu anayelifundisha hivyo.

Udhaifu wake unaonekana ukiisoma insha yenyewe kwa sauti. Hakuna aya inayomhitaji jirani yake. Ukiikata ya tatu ukaiweka mwishoni, hakuna kinachoharibika, na hiyo ni dalili kwamba mwandishi amekusanya tu, hajachambua. Hajasema kama unyakuzi wa ardhi ndio uliozaa ule uzembe wa hospitali, au kama yote mawili yana mzizi mmoja. Tena hoja hizi ndizo zilizomo kwenye miongozo inayouzwa kila duka la vitabu. Darasa zima litaandika kumi zile zile kwa maneno yanayokaribiana, na kitabu kilichomtoa mtu machozi kitabaki orodha ambayo hata aliyeiandika haitaki kuisoma tena.

Aya ya mhusika

*“Nasaba Bora tunayempata mwanzoni ni mtu asiyeulizwa swali. Akitaka shamba, linakuwa lake. Akitaka mtu afungwe, anafungwa. Hata anapozaa na Lowela anafanya alivyozoea, mzigo unaishia kwa mtu wa chini. Lakini safari hii siri inakataa kufichika. Mambo aliyoyazika yanafufuka moja baada ya jingine, na mtu aliyezoea kuwahukumu wengine anaishia kujitia kitanzi mwenyewe.”*

Hapa kuna mwendo. Msomaji anataka kujua kitakachofuata, na maudhui yanaonekana yakikua ndani ya maisha ya mtu: mamlaka yasiyodhibitiwa, kisha kiburi, kisha upweke, kisha kujiangamiza. Mwanafunzi anayependa kusimulia hupumua vizuri katika njia hii.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mwalimu: insha inageuka muhtasari wa hadithi. Ipo njia rahisi ya kujikagua. Pitisha jicho kwenye maneno ya kwanza ya aya zako. Zikiwa zinaanza na “Kisha”, “Baadaye”, “Siku moja”, “Hatimaye”, unasimulia. Msahihishaji naye amekisoma kitabu, hahitaji kusimuliwa.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi na hutajwa mara chache. Maudhui ya riwaya nzuri hayakai kwa mhusika mmoja. Ukimfuata Mtemi peke yake, unampa fursa Majisifu ya kuponyoka. Hana utemi wala askari, ni mwalimu mlevi asiyefika darasani, ila wizi alioufanya ni wa aina ile ile ya kaka yake. Tukio la yeye kwenda kutoa mhadhara chuo kikuu kuhusu riwaya ambayo hakuiandika ni mojawapo ya sehemu zenye nguvu kabisa katika kitabu kizima, na katika insha ya “Mtemi mwanzo hadi mwisho” halina pa kuingilia. Wauguzi nao wanaponyoka. Insha inaishia kusema kwamba tatizo la Sokomoko lilikuwa mtu mmoja mbaya, naye alikufa, basi. Walibora hakuandika hivyo.

Kuna riwaya ambazo njia hii ndiyo inayozifaa. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ni mfano bora. Dhamira ya malezi haikusambazwa humo kwa watu kumi. Imo katika maisha ya Rosa, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria, akakua akiwaogopa wanaume kama moto, akatoka nje ya mikono ya baba bila kujua jinsi ya kujilinda. Ukitaka kuonyesha jinsi ukali usio na mafunzo unavyomwangusha mtoto, mfuate Rosa hatua kwa hatua, maana sababu na matokeo yamepangwa katika umri wake. Ukivunja maisha hayo vipande kumi vya hoja, utaua kile unachotaka kukieleza.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia ya mhusika, jiulize kama kitabu chenyewe kimejengwa juu ya mtu au juu ya kijiji. *Rosa Mistika* imejengwa juu ya mtu. *Kidagaa* imejengwa juu ya kijiji.

Aya ya dai

*“Maovu yote ya uongozi wa Sokomoko yanarudi kwenye tendo moja, nalo ni kupokonya, na wanaolipia kila kilichopokonywa ni wale wale waliopokonywa. Imani amepoteza mama na shamba. Amani amepoteza kazi ya akili yake. Ndio hao wanaobaki na jukumu la kumlea mtoto wa mtemi aliyeifukarisha nchi yao. Mtoto anaitwa Uhuru, na anapofia mikononi mwa wauguzi waliowekwa kazini kuwahudumia wananchi, jina lake linatukumbusha kilichoahidiwa watu wa Sokomoko na kilichowafikia. Hata kosa la kifo chake wanabandikwa waliojaribu kukizuia.”*

Linganisha na ile aya ya kwanza. Tukio ni lile lile, lakini hapa limefungwa pamoja na shamba, mswada na hospitali, kwa sababu kuna neno moja linalovuta kila kitu: kupokonya. Angalia pia kwamba mbinu ya majazi, yaani kumpa mhusika jina lenye maana, imeingia bila kuitiwa sehemu yake ya “fani” (mbinu za uandishi). Jina la mtoto limetumika kama ushahidi wa maudhui. Hivi ndivyo fani na maudhui hukutana katika uhakiki wa kweli, na wanafunzi wengi hufundishwa kuvitenga mpaka wakasahau kwamba mwandishi aliviandika kwa pamoja.

Dai linalofaa lina alama tatu za kulitambua. Mtu mwenye akili timamu anaweza kulibishia. Linagusa zaidi ya mhusika mmoja. Na haliwezi kuhamishiwa kwenye riwaya nyingine bila kubadilika. “Riwaya hii inaonyesha uongozi mbaya” si dai, kwa sababu hakuna wa kulipinga na linatosha riwaya hamsini. “Katika Sokomoko waliopokonywa ndio wanaolipia uovu wa wapokonyaji” ni dai.

Kulipata kunahitaji kazi ambayo watu huiruka. Chukua karatasi, andika matukio saba au manane yaliyokukaa moyoni, hata kama huoni uhusiano wake na swali. Kisha uliza, katika kila moja, nani anapata na nani anapoteza. Usianze na neno la maudhui, yaani ufisadi, ukoloni mamboleo, nafasi ya mwanamke na mengineyo. Maneno hayo ni makubwa na yako tayari mno, nayo hukuzuia kuona kilichotokea. Anza na kitendo. Shamba limechukuliwa. Mswada umechukuliwa. Yusufu amechukuliwa akatupwa jela. Ujana wa Lowela umechukuliwa. Ukifika hapo dai limeshajitaja lenyewe.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Dai likipendwa sana humfanya mwandishi alazimishe. Watoto wa Majisifu wenye ulemavu, kwa mfano, hawaingii kwa urahisi katika dai la kupokonya. Mwanafunzi mwenye haraka atasema “wamepokonywa afya” na hapo insha itaanza kunuka uongo. Ni heri kuwaacha nje, au kukiri waziwazi kwamba kitabu kina uzi mwingine, wa namna jamii inavyowatazama walemavu, ambao hauhusiani na dai lako.

Yupo pia mhusika anayeonekana kulipinga dai, na huyo usimkimbie. Ni Madhubuti, mwana wa Mtemi. Amesoma Urusi, amerudi, baba yuko tayari kumpatia kazi kwa mkono wake mrefu, naye anakataa na kwenda kukaa na Amani kibandani. Mtoto wa mpokonyaji anakataa kula kilichopokonywa. Je, dai limeanguka? Limeimarika. Bila Madhubuti mtu angeweza kusema kwamba Walibora analaumu damu, kwamba ukoo ule umeoza wote. Madhubuti anaonyesha kuwa kupokonya ni uamuzi, na anayeamua vinginevyo anaweza kuwa chini ya paa lile lile. Jina la baba yake, Nasaba Bora, linapata maana mpya ukilisoma pamoja na kitendo cha mwanawe. Aya ya namna hii, inayomkaribisha mhusika mgumu badala ya kumficha, ndiyo inayoonyesha kwamba mwandishi wa insha amefikiri.

Uchague ipi?

Kama unafanya KCSE, andika kwa hoja, lakini zipange kwa dai. Hilo ndilo pendekezo langu na nina imani nalo kabisa. Msahihishaji ana mwongozo wake na anahesabu, kwa hiyo mpe kitu cha kuhesabu: kila aya hoja yake, kila hoja mfano wake wenye jina la mhusika na tukio. Ila utangulizi wako utaje dai kwa sentensi moja, na mpangilio wa hoja uufuate mkondo wake. Ardhi kwanza, kwa kuwa ndiyo chanzo. Kisha uhuru wa mtu, yaani Yusufu na wengine waliofungwa. Kisha kazi ya akili, yaani mswada. Kisha mwili wa Lowela, kisha uhai wa mtoto. Hoja ni zile zile ulizozikariri, hukupoteza hata dakika mbili, na karatasi yako haitafanana na ya jirani.

Swali likikupa kuchagua kati ya dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni uyaeleze, na insha, usikimbilie dondoo kwa kuwa ni fupi. Dondoo hudai ukumbuke msemaji, msemewa, mahali na sababu, na ukikosea muktadha alama nne zinaondoka kwa mkupuo. Aliyeielewa riwaya kwa ujumla bila kukariri mazungumzo yake yuko salama zaidi kwenye insha.

Tanzania mambo yana sura nyingine kidogo. Kwanza, istilahi. Kinachoitwa maudhui katika swali la Kenya mara nyingi ndicho kinachoitwa dhamira Tanzania, ambako maudhui ni chungu kizima chenye dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Anayesoma miongozo ya upande wa pili wa mpaka alijue hilo mapema, la sivyo atajibu swali ambalo hakuulizwa. Pili, mtihani wa kidato cha nne hupenda kumtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kimoja. Hapo suala la mpangilio linakuwa kali zaidi: umalize kitabu cha kwanza ndipo uende cha pili, au uvisukume vyote viwili pamoja hoja kwa hoja?

Chukua riwaya za *Takadini* na *Watoto wa Mama Ntilie*, na swali kuhusu mapenzi ya mzazi. Katika cha kwanza Sekai anatoroka na kichanga chake kilichozaliwa na ualbino, kwa kuwa mila inataka kiuawe. Katika cha pili Mama Ntilie anauza chakula ili Peter na Zita wale na wasome, huku mumewe Lomolomo akiwa mtu wa pombe. Ukienda kitabu kwa kitabu utapata hoja tatu safi, kisha tatu nyingine safi, na msahihishaji ataziona sita bila kutafuta. Ukienda hoja kwa hoja utaweza kusema jambo ambalo mpangilio wa kwanza hauruhusu: kwamba mama mmoja anapambana na mila na mwingine na umaskini, lakini wote wawili wanaubeba mzigo bila mume wa kuegemea. Ndani ya chumba cha mtihani ningeandika kitabu kwa kitabu, nikaiweka sentensi hiyo ya ulinganisho kwenye hitimisho. Insha ya nyumbani ningeiandika hoja kwa hoja bila kusita.

Chuo kikuu hakuna mjadala, ni dai. Huko mhadhiri anataka kuona hoja ikijengwa, na kila ushahidi uwe na ukurasa wake. Nadharia nayo itadaiwa, iwe ya Kimaksi, ya kifeministi au nyingine, na hapa pana tabia inayonisikitisha: kurasa mbili za historia ya nadharia, majina ya waasisi na mihimili yake, kisha uchambuzi unaanza kana kwamba nadharia haikutajwa. Ukiandika kuhusu *Kidagaa* kwa jicho la Kimaksi, Marx asikae kwenye utangulizi peke yake. Aonekane pale unapoeleza kwa nini mtu asiye na ardhi ndiye anayechunga ng'ombe wa aliyeichukua, na kwa nini aliyeandika kitabu hana jina kwenye jalada. Kama nadharia haikusaidii kuona kitu ambacho usingekiona bila yake, chagua nyingine kabla hujafika ukurasa wa tatu.

Kwa riwaya yenye familia nyingi na visa vingi vilivyotawanyika, kama *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, anayeanza kujifunza uhakiki aanze na hoja kwanza hata kama lengo lake ni dai. Aorodheshe yaliyompata Ridhaa, yaliyowapata Umu na nduguze, yaliyowapata waliofurushwa makwao, kila kisa kwa sentensi moja, kisha aipitie orodha hiyo na swali lile la nani anapata na nani anapoteza. Katika rasimu ya pili afute nusu ya visa, abakishe vile vinavyojibu.